Ubingwa wa Dallas Mavericks 2011 haukuokotwa

Kila nikivaa jezi yangu ya namba 41, ya Dirk Nowitzki, hakosi mtu wa kuniambia kwamba ubingwa wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ambao Dallas Mavericks waliutwaa 2011 ulikuwa zawadi. Eti kwenye fainali LeBron James, nyota wa Miami Heat, alilala, Heat wakajimaliza wenyewe, sisi tukaokota. Maneno hayo nimeyasikia tangu 2011 na bado yananiuma, maana fainali ile niliitazama mechi zote sita.

Dhana: LeBron ndiye aliyeutupa ubingwa.

Kwamba alishuka, hilo silikatai. Msimu mzima alifunga wastani wa pointi 26.7 kwa mechi. Kwenye fainali akaishia 17.8, na mechi ya nne aliambulia 8 tu. Lakini kuna watu walioifanya kazi hiyo. Kocha wetu Rick Carlisle alimbandikia Shawn Marion amlinde, nyuma ya Marion chini ya kikapu akasimama Tyson Chandler, na kila baada ya muda timu nzima ikabadili ulinzi, kila mchezaji akilinda eneo badala ya kumfuata mtu wake. LeBron akawa anapokea mpira, anatazama, anakuta njia imezibwa, anautoa. Na anayesema Heat hawakucheza amemsahau Dwyane Wade, mwenzake LeBron, aliyefunga wastani wa 26.5 katika fainali hiyohiyo. Heat walicheza. Walizidiwa.

Mechi ya pili ndiyo ninayoirudia kuitazama kuliko zote. Zimebaki dakika 7 na sekunde 14, Heat wako kwao, na tayari wanaongoza fainali kwa mechi 1-0. Wade anafunga pointi tatu mbele kabisa ya benchi la Dallas, anabaki pale na mkono juu, LeBron anamfuata kushangilia naye. Ubao unasoma 88-73. Kuanzia hapo Dallas wakafunga pointi 22, Heat 5. Pointi 9 za mwisho za Dallas zote zilikuwa za Dirk Nowitzki, na kikapu cha ushindi, sekunde 3.6 zikiwa zimebaki, alikiweka kwa mkono wa kushoto. Ni mkono uleule ambao kano ya kidole cha kati ilichanika katika mechi ya kwanza. Matokeo: 95-93. Sijui mtu anaokotaje ushindi wa namna hiyo.

Dhana: wachezaji wa Ulaya ni laini.

Dirk, Mjerumani kutoka Würzburg, alibebeshwa neno hili miaka mingi. Mechi ya nne aliingia uwanjani akiwa na homa ya zaidi ya nyuzi 38, kati ya vipindi akikohoa na kujifunika taulo. Alifunga pointi 21, kati ya hizo 10 katika robo ya mwisho, na Dallas wakashinda 86-83. Kabla ya fainali, dhidi ya Oklahoma City Thunder, alikuwa amefunga pointi 48 katika mechi moja na kuingiza mitupo huru 24 kati ya 24. Sina la kuongeza.

Dhana: Dirk alibeba timu peke yake.

Hii husemwa na wanaompenda, nami nampenda, ila inawadhulumu wenzake. Jifya moja haliinjiki chungu. Nusu ya kwanza ya mechi ya sita Dirk alirusha mara 12 akaingiza moja. Kama angekuwa peke yake, usiku ule ungekwisha mapema. Jason Terry, aliyekuwa amejichora tatuu ya kombe mkononi kabla msimu haujaanza, ndiye aliyeishika timu na kumaliza na pointi 27. J.J. Barea, mfupi kuliko wote, alipangwa kuanza kuanzia mechi ya nne na Heat hawakupata dawa yake. Jason Kidd alikuwa na miaka 38, bado anaongoza mpira kwa utulivu.

Na Los Angeles Lakers, tuliokutana nao kabla ya fainali, je? Walikuwa mabingwa wa 2009 na 2010. Dallas waliwatoa 4-0, na katika mechi ya mwisho, 122-86, wachezaji wa akiba wa Dallas peke yao walifunga pointi 86, sawa na Lakers wote. Kwa hiyo hata ile kauli kwamba njia ilikuwa mteremko naiacha hapohapo.

Dhana: ilikuwa bahati ya mtende.

Watu husema hivi kwa sababu kikosi kilivunjwa mapema, Chandler akaenda New York, na Dirk hakupata ubingwa mwingine. Lakini ule ulikuwa msimu wa 11 mfululizo Dallas kushinda mechi 50 au zaidi. Mwaka 2006 waliongoza fainali 2-0 dhidi ya Miami hiihii wakapoteza mechi nne zilizofuata. Mwaka 2007 walishinda mechi 67, kisha wakatolewa katika raundi ya kwanza ya mtoano na Golden State, timu iliyofuzu ikiwa ya nane, ya mwisho, upande wao wa ligi. Sisi tuliozipitia hizo tunajua kilichokuwa kimejaa kifuani mwa Dirk tarehe 12 Juni 2011, ubao uliposoma 105-95.

Hakusubiri kushangilia. Aliruka meza ya waamuzi, akapita kwenye korido moja kwa moja hadi chumba cha kubadilishia nguo, akalia huko. Wenzake walikuwa bado wanakumbatiana uwanjani, na ilibidi abembelezwe arudi kupokea kombe.