Ule haukuwa mgomo wa kula

Husimuliwa mara nyingi kwamba mwaka 1968 Cesar Chavez, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani nchini Marekani, aligoma kula huko Delano, California, ili kuwabana wenye mashamba ya zabibu. Sivyo. Ulikuwa mfungo, tena aliuelekeza kwa watu wake mwenyewe. Mgomo wa wavunaji, ulioanza Septemba 1965, ulikuwa umewachosha, na baadhi yao wakaanza kuzungumzia fujo. Chavez, Mkatoliki, akafunga kama toba ili kuwarudisha kwenye njia ya amani. Alianza katikati ya Februari. Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, ikamkuta tayari anafunga. (Wapo wenzake waliokereka, wakaona dini imezidi.) Baada ya siku 25, Machi 10, alifungua kwa Misa, akamega mkate na Seneta Robert Kennedy. Mikataba kati ya wenye mashamba na chama chake ilitiwa saini 1970, wanunuzi wakiwa wamesusia zabibu kwa miaka.