Je, wajua kwa nini mtango unaostahimili ugonjwa leo huweza kushindwa nao baadaye?

Mwaka 2004 wakulima wa matango wa mashariki mwa Marekani walipanda aina zile zile walizozizoea, ambazo kwa miongo kadhaa zilikuwa zimestahimili ubwiri vinyoya, ugonjwa wa majani, bila shida kubwa, lakini msimu huo majani yalijaa mabaka ya manjano yenye pembe, kisha yakakauka kabla matunda hayajakomaa. Mbegu zilikuwa halali na kilimo kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kimelea, na hapo ndipo lilipo jibu la swali letu: ukinzani ni uhusiano kati ya mmea na adui mahususi, kwa hiyo upande mmoja ukibadilika, uhusiano wote hubadilika.

Mara nyingi ukinzani hutegemea jeni moja yenye nguvu, inayouwezesha mmea kutambua alama fulani ya kimelea na kuua haraka seli zake chache zilizovamiwa ili kimelea kikose chakula. Nguvu ya jeni hiyo ndiyo udhaifu wake pia. Katika vijimbegu vya kimelea visivyohesabika vinavyopeperushwa na upepo, kimoja kikitokea bila alama ile, hakitambuliwi. Na ikiwa eneo zima limepandwa aina zenye jeni hiyo hiyo, kizazi chake huenea bila kizuizi na kuwa mbari mpya ya ugonjwa. Aina ya tikiti iitwayo PMR 45, iliyotolewa California mwaka 1936 ikiwa na ukinzani wa ubwiri unga (ugonjwa wa kuvu unaofunika majani kama unga mweupe) uliotoka katika matikiti ya India, ilikutana na mbari ya namna hiyo mwaka 1938. Miaka 2 tu!

Kuupata ukinzani wenyewe ni kazi ndefu. W. A. Orton wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alipotafuta tikitimaji litakalostahimili mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni, hakuupata ukinzani katika matikitimaji matamu. Aliupata katika ndugu yao mwenye nyama ngumu isiyo na utamu, ambaye asili yake ni kusini mwa Afrika. Alichavusha mmoja kwa mwingine, akapanda watoto wao katika udongo uliojaa ugonjwa, akachagua waliosalimika na kuendelea hivyo kizazi baada ya kizazi, hadi mwaka 1911 alipotoa aina iliyoitwa Conqueror. Aina hiyo ilistahimili mnyauko, lakini ubora wa tunda lake haukuwaridhisha wakulima na walaji, kwa sababu jeni za mzazi wa porini huja pamoja, zinazotakiwa na zisizotakiwa. Hata hivyo naiona kazi ya Orton kuwa miongoni mwa kazi za kuheshimika sana katika kilimo, kwa kuwa ilionyesha mapema kwamba tunda lisilolika linaweza kubeba kinga ya tunda linalopendwa.

Wakati mwingine kinga inayotakiwa imo katika spishi ya mbali mno. Mtikitimaji hauzai na mmumunye, lakini kikonyo chake kinaweza kuunganishwa juu ya mizizi ya mmumunye, ambayo kuvu wa mnyauko wa matikitimaji hawaishambulii. Wakulima wa Japani walianza kufanya hivyo katika miaka ya 1920. Ukinzani wa virusi vya batobato ya manjano, kwa upande wake, ulipatikana katika boga la Nigeria na kuhamishiwa kwa taabu katika maboga madogo yanayoliwa yakiwa machanga, maana spishi hizo mbili hazizaliani kwa urahisi.

Kwa kuwa jeni hizi ni adimu, shamba halina budi kuzisaidia. Ubwiri vinyoya huhitaji majani yaliyolowa, hivyo kumwagilia chini ya mmea badala ya juu ya majani hupunguza idadi ya vijimbegu, na pamoja nayo nafasi ya mbari mpya kutokea. Ubwiri unga hauhitaji maji juu ya jani, kwa hiyo hatua hiyo haiuzuii. Mnyauko fuzari hukaa udongoni kwa miaka mingi, na kupumzisha shamba kwa msimu mmoja au miwili hakuumalizi. Virusi vingi vya mimea hii huenezwa na vidukari ndani ya sekunde chache tu za kuonja jani. Kidukari atakuwa ameshaambukiza kabla dawa haijamuua, na ndiyo maana kung'oa magugu yanayohifadhi virusi na kutandaza matandazo yanayoakisi mwanga husaidia kuliko kupuliza dawa.

Mnunuzi wa mbegu naye ana la kusoma kwenye pakiti. Herufi HR humaanisha ukinzani wa juu, na IR ukinzani wa kati, ambao huruhusu dalili kiasi hasa ugonjwa unapokuwa mkali. Nambari zinazofuata kifupisho cha jina la kimelea hutaja mbari ambazo aina hiyo imethibitishwa kuzistahimili, kwa mfano Px: 1, 2 kwa ubwiri unga. Mbari isiyotajwa hapo haina sababu ya kuzuiwa na mbegu hiyo, hata kama maandishi makubwa ya pakiti yanasema kwamba inastahimili ubwiri.