Uvimbe wa Titi la Binadamu Ndani ya Panya

Katika mazungumzo ya saratani ya titi ninayofanya na kina mama hapa Tanga, Ngamiani na Makorora, swali moja hurudi kila mara: "Daktari, huyo panya mnayemjaribia dawa, saratani ya binadamu inamwingiaje?" Kwa kweli panya mwenye afya kamili haimwingii, kwa sababu kinga yake huitambua nyama ya kigeni na kuiangamiza.

Njia ilifunguka kwa panya asiye na manyoya aliyeonekana Glasgow mwaka 1962, ambaye baadaye ilibainika kwamba hana tezi ya thaimasi, mahali zinapokomaa seli T za kinga. Mwaka 1969, watafiti Rygaard na Povlsen wa Copenhagen walimpandikiza panya wa aina hiyo saratani ya utumbo mpana ya mgonjwa, nayo ikakua. Panya wanaotumika zaidi leo, hasa aina ya NSG, ni dhaifu kuliko huyo: hawana seli T, hawana seli B, wala zile ziitwazo wauaji asilia, ambazo zote ni seli za kinga, ndiyo maana hufugwa katika vizimba vyenye hewa iliyochujwa.

Kipande cha uvimbe kinachotoka chumba cha upasuaji hukatwa vipande vya milimita chache, panya jike akalazwa kwa dawa ya usingizi, kisha kipande kimoja kikapachikwa ndani ya mafuta ya titi lake karibu na kinena. Zamani wengi walikiweka chini ya ngozi ya ubavu, kazi nyepesi zaidi, lakini ndani ya titi uvimbe hupata mazingira yanayokaribiana na ya ulikotoka. Baada ya hapo ni kusubiri, kwani uvimbe mwingine huonekana baada ya wiki kadhaa, mwingine baada ya miezi mingi, na mwingine hauoti kabisa.

Unaokataa kuota mara nyingi ni ule unaotegemea homoni ya estrojeni, ambao ndio walio nao wagonjwa wengi duniani. Watafiti huuchochea kwa kidonge cha estrojeni kilichofukiwa chini ya ngozi, na kidonge hicho huweza kumletea panya matatizo ya kibofu. Ule usio na vipokezi (sehemu za seli zinazopokea homoni) vya estrojeni wala vya homoni ya projesteroni, wala wingi wa HER2, protini inayochochea seli kukua, huota kwa urahisi zaidi, na kwa hiyo hazina za uvimbe zilizohifadhiwa maabara zimeelemea upande wa saratani kali. Anayesoma matokeo ya utafiti bila kulijua hilo atapotoka.

Kasoro nyingine ni kwamba kadiri uvimbe unavyohamishwa kutoka panya hadi panya, tishu za binadamu zinazoushikilia hubadilishwa na za panya, huku seli za saratani zenyewe zikibaki za mgonjwa. Tena, dawa zinazoamsha kinga haziwezi kupimwa kwa mnyama asiye na kinga, isipokuwa kwanza apandikizwe seli shina za damu ya binadamu, yaani zile zinazozaa seli za damu na za kinga. Hata hivyo njia hii imezaa matunda: trastuzumab, dawa ya saratani ya titi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ilikwisha kuonyesha katika panya kwamba inazuia uvimbe wenye HER2 nyingi.

Kina mama huniuliza pia kwa nini panya hupona na watu hawaponi. Majaribio mengi huanza uvimbe ukiwa mdogo na uko mahali pamoja, ilhali wengi wa wagonjwa wetu hufika saratani ikiwa imekwisha kuingia kwapani au mifupani. Ziko maabara zinazoukata uvimbe wa kwanza, zikasubiri kuona dawa inazifanya nini seli zilizokwisha kusambaa mapafuni. Majaribio hayo ni ya gharama na huchukua muda mrefu, nami ndiyo ninayoyasoma kwanza.