Kijiji cha Wakongo hakikuwa upande wa bembea

Nimeulizwa tena wiki hii, na safari hii na msomi kabisa: kile kijiji cha Wakongo kwenye Expo 58, maonyesho ya dunia ya Brussels mwaka 1958, si kilikuwa upande wa bembea na vilabu? Hakikuwa. Afadhali kingekuwa huko.

Upande wa starehe wa Expo 58 uliitwa Belgique Joyeuse. Huko Wabelgiji wenyewe walijijengea mji bandia wa kizamani: vichochoro, nyumba zilizobanana, bia, mavazi ya enzi za mababu. Baadaye ukabomolewa. Yatosha.

Kijiji cha Wakongo kilikuwa ndani ya sehemu rasmi ya Kongo na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo), nchi zilizokuwa chini ya Ubelgiji, karibu na Atomium, ule mnara wa matufe uliokuwa nembo ya maonyesho, pamoja na mabanda ya madini, kilimo na misheni, na sanamu ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyejitwalia Kongo, ikikupokea mlangoni. Yaani hayo yalihesabiwa kuwa elimu! Mbelgiji aliyevaa kama babu yake kule kwenye bia, kila mtu alijua anaigiza na usiku atapanda tramu arudi kwake. Fundi wa Kikongo, ameketi ndani ya uzio mbele ya kibanda cha nyasi akifanya kazi yake, alionyeshwa kwamba ndivyo alivyo, mwaka huohuo wa 1958. Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilikuwa inayeyusha shaba kwa miongo. Kwaya ya Kamina, hukohuko Kongo, ilikuja Ulaya mwaka huohuo kuimba misa kwa Kilatini. Wageni wakawarushia mafundi karanga na ndizi. Kuna ile picha: katoto ka kike, gauni safi, na mkono wa mama wa Kizungu umevuka uzio kumpa chakula. Itazameni kabla ya kuniletea habari za bembea.

Na msinichanganyie na maonyesho ya 1897 kule Tervuren, karibu na Brussels. Kule walipelekwa Wakongo 267, saba wakafa, wamezikwa kando ya kanisa. Hayo naita bustani ya wanyama yenye watu ndani, bila kumung'unya. Kwa 1958 kalamu yangu husita kuandika jina hilo. Si kwamba namwonea mtu haya, ila mafundi wale Julai walichoka, wakakataa, wakarudi kwao, na maonyesho yakaendelea bila wao hadi Oktoba. Nikiwaita wanyama wa kufugwa, huo mgomo wao nauweka wapi? Wenzangu wananiambia nabania maneno tu. Huenda.