Je, wajua kwa nini rada ya manowari huwekwa juu kadiri inavyowezekana?

Mwishoni mwa mwaka 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli za mizigo katika Bahari ya Shamu kwa makombora na droni, kampuni nyingi za meli ziliamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na hata marobota ya mitumba yanayotoka Ulaya kuja soko la Gikomba, Nairobi, yakawa na safari ndefu zaidi. Ulinzi wa njia ile ulitegemea sana manowari aina ya destroya, hasa za Marekani na Uingereza. Wengi husifu makombora ya manowari hizo, lakini ninavyoona mimi, jambo linaloamua kama meli itapona ni kimo cha rada yake.

Mtu aliye Uhuru Park haoni mbali, lakini akipanda juu ya jumba la KICC asubuhi isiyo na mawingu anaweza kuuona Mlima Kenya. Rada nayo iko hivyo hivyo, kwa sababu mawimbi yake husafiri karibu katika mstari ulionyooka, ilhali uso wa bahari umepinda pamoja na dunia. Kombora linaloruka mita chache juu ya maji hujificha nyuma ya mpindo huo, na rada, hata iwe na nguvu kiasi gani, haiwezi kuliona mpaka lichomoze kwenye upeo.

Hesabu yake si ngumu. Antena ikiwa mita 16 juu ya maji, na kombora likiruka kwa kimo cha mita 4, rada italiona likiwa umbali wa kilomita 25 hivi. Antena ikipandishwa hadi mita 36, umbali huo unafika kilomita 33. Kombora lendalo mita 300 kwa sekunde humaliza kilomita 25 kwa sekunde 83, na kilomita 33 kwa sekunde 110, kwa hiyo mita 20 za mlingoti zimewapa mabaharia karibu nusu dakika ya ziada. Kombora likienda kwa mara mbili ya kasi ya sauti, zile sekunde 83 hupungua zikawa chini ya 40.

Uingereza ililijua hilo kwa uchungu. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya Visiwa vya Falkland, ndege za Argentina ziliisogelea destroya HMS Sheffield zikiruka chini sana, zikarusha makombora ya Exocet. Walioliona kombora kwa macho yao walibaki na sekunde chache tu, na meli ilipigwa ubavuni kabla haijarusha chochote cha kujihami. Mabaharia 20 walikufa, na tarehe 10 Mei meli ikazama ikiwa inakokotwa.

Destroya za Type 45, ambazo ya kwanza ilianza kazi mwaka 2009, zina rada ya Sampson ndani ya tufe kubwa kwenye kilele cha mlingoti. Mbona basi kila meli isifanye hivyo? Uzito ndio kikwazo, maana mzigo mkubwa ukikaa juu sana meli huyumba na huweza kupinduka. Destroya za Marekani za Arleigh Burke zina bamba nne kubwa za rada ambazo hazizunguki, kila moja ikitazama upande wake, na kwa kuwa ni nzito hukaa chini zaidi, kwenye kuta za jengo lililo juu ya sitaha.

Sasa zitazame sekunde zenyewe zinavyotumika. Katika chumba cha kuongozea mapigano, kisicho na dirisha hata moja, baharia wa zamu huona alama mpya kwenye skrini; kompyuta huitenga na mwangwi wa mawimbi ya bahari, hukadiria kasi na mwelekeo wake, kisha afisa huamua kama ni adui. Kombora la kujihami huchomoka wima kutoka kwenye kasha lake chini ya sitaha, kisha hujipinda kumfuata adui. Likikosa, meli huwa bado na vifaa vya kuidanganya rada ya kombora, na mwisho kabisa bunduki ya Phalanx yenye mitutu sita, inayoweza kufyatua risasi 4,500 kwa dakika. Januari 2024 destroya USS Gravely ililazimika kutumia Phalanx, na kombora likaangushwa likiwa limebakiza takriban kilomita moja na nusu, yaani sekunde chache tu.



Mlingoti hauwezi kurefushwa bila kikomo, kwa hiyo dawa ni kuipandisha rada angani. Ndege ya E-2D Hawkeye, ikiruka juu sana, huliona kombora likiwa bado mbali na upeo wa meli, na kuitumia destroya habari zake kwa redio. Kombora la kujihami la SM-6 lina rada yake puani, hivyo destroya inaweza kulirusha kumlenga adui ambaye rada ya meli yenyewe haijamwona.