Mzee Rukhsa tunampenda, ila tumpende na ukweli wake

Mimi nampenda Mzee Ali Hassan Mwinyi, rais wa pili wa Tanzania tuliyemwita Mzee Rukhsa, toka utotoni na wala sifichi. Alivyoapishwa tarehe 5 Novemba 1985 nilikuwa na miaka 8, hotuba sikumbuki hata moja, ninachokumbuka ni mama anakata mche wa sabuni kwa uzi, anauzungushia uzi katikati halafu anavuta huku na huku taratibu mpaka unakatika bila kumong'onyoka, maana sabuni ilikuwa adimu na hata zile chenga zilikuwa mali. Kipande cha nguo, kipande cha vyombo, na kile kidogo kabisa ndio cha kuogea watoto wote. Miaka miwili mitatu mbele ikaingia nyumbani sabuni ya kunukia, ya kuogea kweli, na mama hakuifungua, aliiweka kwenye sanduku katikati ya kanga zake zinukie. Kwa hiyo mtu akiniambia anampenda Mzee Rukhsa sihitaji maelezo marefu.

Ila toka atutoke mwaka 2024 nasikia watu wanavyomsimulia, wengi kwa mapenzi tu, na mengi wanayoyasema hayakuwa hivyo.

Kubwa kuliko yote ni hili la kwamba Nyerere alifunga kila kitu halafu akaja Mwinyi akafungua siku moja. Jamani, ruhusa ya mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi ilikuja na bajeti ya 1984, Mwalimu bado yupo Ikulu, waziri wa fedha Cleopa Msuya. Hata daladala ambazo watu wanamuwekea Mwinyi ziliruhusiwa 1983, UDA, shirika la mabasi la Dar es Salaam, ilishazidiwa, na jina lenyewe limetokana na nauli ya shilingi tano iliyoitwa dala. Mlango ulishaanza kusogezwa. Alichofanya Mwinyi, na hapa ndipo sifa yake ilipo, ni kuusukuma mpaka mwisho wakati wengi chamani waliona ni dhambi. Mwaka 1986 akakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, jambo ambalo Mwalimu alilipinga miaka na miaka, shilingi ikashushwa thamani, biashara ikaachiwa, 1991 ikapita sheria ya kuruhusu benki binafsi, mwaka uliofuata maduka ya kubadilisha fedha, na 1994 sisi wa bara ndio tukaanza kuona televisheni za hapa kwetu wakati Zanzibar wenzetu walikuwa nayo toka miaka ya sabini. Nilishawahi kumueleza mama hii habari ya bajeti ya 1984, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema yeye anachojua sabuni ilikuja wakati wa Mwinyi. Na hajakosea, kwa mtu wa kawaida neema inaanza siku inapofika jikoni kwake.

Linaloenda pamoja na hilo ni kwamba alikuwa na nguvu zote ila akawa anaogopa. Watu wanasahau kwamba mpaka 1990 mwenyekiti wa chama tawala, CCM, alikuwa Nyerere mwenyewe, na enzi hizo chama kilishika hatamu kwelikweli, serikali ilikuwa inapokea maelekezo. Hebu fikiria, umekabidhiwa nchi haina fedha za kigeni, aliyekutangulia ni baba wa taifa, bado ndiye bosi wako kwenye chama, na wewe unataka kwenda njia ambayo yeye haiamini. Mwinyi mwenyewe alijifananisha na kichuguu mbele ya Mlima Kilimanjaro. Watu wakaona unyonge, mimi naona ni mtu aliyejua amesimama wapi, na kichuguu hicho kikafanya mambo ambayo mlima haukuyafanya.

Kuna wanaosema ni yeye aliyeliua Azimio la Arusha, lile tamko la 1967 la ujamaa na kujitegemea. Kilichotokea ni kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM, Zanzibar, Februari 1991, ndicho kilicholegeza masharti ya viongozi, kwamba sasa kiongozi anaweza kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kupokea zaidi ya mshahara mmoja. Alikuwa mwenyekiti, dhamana anayo, ila uamuzi ulikuwa wa kikao, si wa mtu mmoja.

Halafu hili jina la Rukhsa limemponza, maana kuna watu wanadhani alikuwa mzee wa kuitikia kila kitu, mpole hana meno. Machi 1990 aliwataka mawaziri wote wajiuzulu, akaunda baraza upya na kuna walioachwa nje, ndio lile fagio la chuma. Lakini nisiwe muongo kwa sababu nampenda: mwishoni mambo yalilegea, misamaha ya kodi ilitolewa kiholela mpaka 1994 wafadhili wakasimamisha misaada, na dola iliyokuwa kama shilingi 17 mwaka 1985 ilivuka 500 anavyoondoka. Mwenye mshahara wa serikali aliumia sana. Baba yangu alikuwa mwalimu, vitu vilijaa dukani anaviangalia tu.

Sasa niseme lile ambalo vijana wengi hawalijui kabisa, na kwangu ndio kubwa kupita sabuni. Wengine wanalisikia nusunusu wanasema "alifukuzwa uwaziri kwa mauaji". Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kule Mwanza na Shinyanga kulikuwa na msako wa watuhumiwa wa mauaji yaliyotokana na imani za kichawi, na baadhi ya watu waliokamatwa wakafa mikononi mwa vyombo vya dola kwa kuteswa. Mwinyi hakuwepo kule, hakumgusa mtu. Ila ilivyobainika, Januari 1977 akaandika barua ya kujiuzulu kwa sababu waliofanya yale walikuwa chini ya wizara yake. Hakusema ni watendaji wa chini, hakuomba aachwe amalizie uchunguzi. Akaondoka, akaenda kuwa balozi Misri, miaka ikapita, na nchi hiyohiyo ikamuita tena ikampa urais wa Zanzibar mwaka 1984 Aboud Jumbe alivyojiuzulu, halafu mwaka uliofuata ikampa Muungano. Kujiuzulu hakukummaliza. Na 1995, vyama vingi vishaingia toka 1992, muhula wa pili umeisha, akamkabidhi Mkapa tarehe 23 Novemba akarudi kuwa raia. Katiba ilishaweka mihula miwili toka 1984 ila yeye ndio wa kwanza kuitii, na hao waliofuata wakakuta njia imeshapitwa.

La mwisho ni la kwao, alikotoka. Bara utasikia "yule Mzanzibari", ukivuka unakuta wapo wanaosema "yule mtu wa bara", na maneno hayohayo wakamvisha mwanae Hussein alivyogombea urais wa Zanzibar 2020. Mzee alizaliwa Mei 8, 1925 Kivure, Mkuranga, mkoa wa Pwani, akapelekwa Unguja angali mtoto kwenda kusoma. Alisoma Mangapwani, na baadae akarudi palepale kufundisha. Kiswahili chake kile kitamu, kile cha kutulia neno moja moja, ni cha huko kote kuwili.

Alifariki tarehe 29 Februari 2024 Dar es Salaam akiwa na miaka 98. Jeneza liliagwa uwanja wa Uhuru likavushwa bahari, na siku ya maziko, Machi 2, tulikaa na mama mbele ya televisheni, likapelekwa Mangapwani, kijiji kilekile alikopelekwa mtoto kwenda kusoma, na mama akawa anasoma dua kwa sauti ndogo mpaka walipomaliza kufukia.