Kwa Nini Tamthilia Fupi Huanza Mambo Yakiwa Yameshaharibika?

Je, wajua kwamba katika tamthilia fupi iliyoandikwa vizuri, jambo zito kuliko yote huwa limeshatokea kabla taa hazijawashwa? Mume ameshaondoka. Shamba limeshauzwa. Barua imeshasomwa na mtu ambaye haikumhusu. Mtazamaji hukipata kisa njiani, kama abiria anayedandia matatu iliyokwisha kuondoka kituoni, na ni juu yake kubaini ilikotoka.

Wasomaji wengi hapa kwetu hukwazwa na jambo hili, na si kosa lao. Tamthilia tulizolelewa nazo ni za vitabu teule vya shule: maonyesho mengi, wahusika zaidi ya kumi, mgogoro unaopanda taratibu hadi kilele kisha ukatatuliwa. Ukiupima mchezo wa kurasa kumi kwa kipimo hicho, utasema haujakamilika. Ila tamthilia fupi si tamthilia ndefu iliyopunguzwa. Mtunzi anakijua kisa chote, tangu mwanzo wake wa miaka kadhaa iliyopita, lakini anaamua kutuonyesha dakika zile tu ambazo baada yake hakuna anayeweza kurudi nyuma.

Anayemlazimisha kuchagua hivyo ni saa. Watunzi wa jukwaa hukadiria kwamba ukurasa mmoja wa skripti ni dakika moja ya mchezo. Michezo ya dakika 10, aina iliyopata umaarufu Marekani kupitia tamasha la Humana lililoanzishwa mwaka 1976 na jumba la Actors Theatre mjini Louisville, basi huwa na kurasa kama 10. Kwa Kiswahili, waigizaji wasipokimbiza maneno, hayo ni maneno 1,200 hivi. Ondoa nyakati za kimya na matendo yasiyo na mazungumzo, yanabaki kama 1,000. Mtunzi akitumia 300 kutueleza nani ni nani, alizaliwa wapi na alimuoa nani, karibu theluthi ya mchezo imekwenda na hakuna lililotendeka.

Hata giza huhesabiwa. Kuzima taa, kuhamisha meza, kutafuta kiti kwa kupapasa na kuwasha tena huchukua sekunde 20 hadi 40 katika ukumbi wa kawaida. Ukibadilisha mandhari mara nne, dakika mbili zimeliwa, yaani sehemu moja kwa tano ya mchezo wa dakika 10. Kibaya zaidi, kila giza linamrudisha mtazamaji kwenye simu yake. Ndiyo maana michezo mingi ya aina hii hukaa mahali pamoja, kwa wakati mmoja usiokatika, ikiwa na wahusika wawili hadi wanne.

Basi yale ya nyuma yanaingizwaje bila kusimuliwa? Tazama mwanzo huu, uliotungwa kwa ajili ya makala haya. Mahali ni ploti ya vyumba vya kupanga huko Kaptembwo, Nakuru. Barasa ndiye msimamizi wa ploti, Mama Wairimu ni mpangaji.

*(Jioni. Mlango wenye kufuli mbili. BARASA ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. MAMA WAIRIMU anaingia na mfuko wa sukumawiki, anauona mlango, anausogelea.)*

BARASA: Usiiguse.

MAMA WAIRIMU: Hii ya chini ni yangu.

BARASA: Najua. Ni mimi nilikununulia.

MAMA WAIRIMU: Kuna dawa ya mtoto humo ndani.

BARASA: *(Anatazama lango.)* Punguza sauti, Mama Wairimu.

MAMA WAIRIMU: Ulisema utamwongelesha.

BARASA: Nilimwongelesha.

*(Kimya.)*

MAMA WAIRIMU: Ulimwambia nini, Barasa?

Neno kodi halijatajwa. Deni halijatajwa. Mwenye ploti hajatajwa hata kwa cheo, na bado kila mtu aliyewahi kupanga chumba anajua kilichotokea. Kufuli ya juu imebeba miezi ya malimbikizo ambayo mtunzi mwoga angeyaeleza kwa ukurasa mzima. “Ni mimi nilikununulia” inatuambia kwamba hawa wawili walikuwa na wema kati yao, na ni wema huo unaofanya kufuli ya juu iume. Barasa anapotazama lango, mwenye ploti anaingia jukwaani bila mwigizaji na bila maleba. Huo ni mhusika mzima aliyepatikana kwa maneno mawili ya maelekezo ya jukwaa.

Swali la mwisho ndilo linaloupindua mchezo. Kabla yake tulidhani tunatazama mvutano wa nyumba kufungwa. Baada yake tunatazama jambo zito zaidi: huenda Barasa, alipokwenda kumtetea jirani yake, alisema neno la kujiokoa yeye mwenyewe. Mchezo umeanza hapo, kama nusu dakika baada ya taa kuwaka. Sasa linganisha na namna ambavyo mtunzi anayeanza angeliandika jambo hilohilo: onyesho la kwanza Mama Wairimu anafutwa kazi, la pili anaomba muda, la tatu Barasa anaitwa na mwenye ploti, la nne kufuli inafungwa. Tungefika mlangoni dakika ya nane, tukiwa tumeshajua kila kitu, na hakuna ambacho tungekuwa tunakitafuta.

Angalia pia namna kila mmoja anavyotaka kitu ambacho mwenzake hawezi kumpa bila kuumia. Mama Wairimu anataka kuingia. Barasa anataka asisikike. Haya mambo mawili hayapatani, na kila neno linalotamkwa linasukuma upande mmoja. Sentensi isiyosukuma upande wowote ingeondolewa, hata kama ni nzuri. Katika tamthilia ndefu sentensi nzuri isiyo na kazi husamehewa. Hapa inaonekana mara moja.

Na huo mlango wenye kufuli mbili si pambo. Tamthilia fupi nyingi huwa na kitu kimoja cha kushikika ambacho macho hayawezi kukiacha: ufunguo, koti la marehemu, bahasha, simu inayotetemeka mezani. Uzito wake hubadilika kadiri mazungumzo yanavyosonga. Ukitaka kujua kama mtunzi ameshika kazi yake, ufuatilie huo ufunguo: yuko nao nani mwanzoni, yuko nao nani mwishoni, na katikati uligusiwa wapi. Kitu kikitajwa mwanzoni kisha kisahaulike, skripti ilihitaji kuandikwa tena.

Kubana huku kumefikishwa mbali sana na watunzi wakubwa. Samuel Beckett aliandika mwaka 1965 mchezo wa wanawake watatu wenye maneno kati ya 121 na 127 tu, kutegemea lugha inayotumika. Kila mmoja anatoka kwa zamu, na wawili wanaobaki wananong'onezana jambo kuhusu aliyetoka. Hadhira hailisikii jambo hilo hata mara moja. Inasikia tu mguno wa mshtuko wa aliyenong'onezwa, na inatosha. Suzan-Lori Parks wa Marekani alijipa kazi ya kuandika mchezo mmoja kila siku kwa mwaka mzima kuanzia Novemba 2002, na mingine yao haizidi ukurasa. Kusoma michezo ya namna hii mitatu minne mfululizo humfunza msomaji haraka kuliko nadharia yoyote, kwa sababu unaona kwa macho ni kiasi gani kinaweza kuachwa nje na kisa kikasimama.

Mambo gani huiharibu? La kwanza ni simu. Mhusika anapokea simu, anarudia kila analoambiwa (“Unasema baba amelazwa? Tangu jana?”), na hadhira inajua kwamba inaambiwa yenyewe, si mtu wa upande wa pili. La pili ni watu wanaoelezana mambo wanayoyajua wote: “Kama unavyojua, dada, sisi tulizaliwa wawili tu.” Dada anajua. La tatu ni kifo au polisi wa dakika ya mwisho. Mtunzi amekwama, anamleta askari, na mgogoro wa watu wawili unamalizwa na mtu wa tatu ambaye hatukuwa naye.

La nne ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu liko hata katika kazi za watu wenye kipaji: mahubiri. Mhusika anasogea mbele ya jukwaa, anawageukia watazamaji na kuwaambia ufisadi ni mbaya. Waamuzi wa mashindano ya maigizo hupenda ujumbe ulio wazi, walimu huogopa usipotee, na mwanafunzi anayeigiza hupata makofi. Lakini dakika hiyo watu wawili waliokuwa wakiumizana wamegeuka vipaza sauti. Barasa asingehitaji kusema kwamba umaskini huwafanya majirani wasalitiane. Amekaa kwenye ndoo karibu na kufuli. Tumeona.

Ufupi una nguvu nyingine ambayo watu wa huku wanaijua vizuri: mchezo mfupi hufika jukwaani mapema, jambo likingali moto. Mwaka 2009 Caryl Churchill wa Uingereza aliandika mchezo wa dakika kama 10 kuhusu vita vya Gaza, ukawa katika jumba la Royal Court, London, wiki chache tu baada ya mapigano kusitishwa. Tamthilia ndefu isingewahi. Michezo ya tamasha la shule na vyuo nchini Kenya, ambayo huigizwa kwa chini ya saa moja, ina makali hayohayo. Aprili 2025, tamasha la kitaifa lilipofanyika Nakuru, wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere kutoka Kaunti ya Kakamega waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe. Mwaka 2013 mchezo mwingine wa shule hiyohiyo ulipigwa marufuku, na Mahakama Kuu ikaruhusu uigizwe. Michezo inayochezwa kwa muda mfupi hivyo haifikishwi mahakamani mara mbili kama haigusi mtu.

Ukiwa na skripti mkononi, isome mara tatu. Mara ya kwanza isome kwa sauti bila kusimama, saa ikiwa mezani. Ukimaliza kurasa 10 kwa dakika 6, umeruka nyakati za kimya. Rudi uzipe muda, sekunde tatu tatu angalau. Palipoandikwa “Kimya” kuna mhusika anayeamua jambo, na kazi yako ni kujua anaamua nini. Mara ya pili soma maelekezo ya jukwaa peke yake, mazungumzo uyafunike kwa karatasi. Ukiweza kukifuata kisa kwa matendo tu, mtunzi ni fundi. Mara ya tatu mshike mhusika mmoja na kuandika pembeni, kila anapofungua mdomo, anataka nini sasa hivi: anaomba, anatisha, anakwepa, anapima. Utaona mahali ambapo anabadilisha mbinu, na kwa kawaida hapo ndipo mchezo unapogeuka. Katika mchezo wa kurasa 10, mgeuko mkubwa mara nyingi huwa kwenye ukurasa wa saba au wa nane. Mgeuko ukija mapema zaidi, mwisho unalegea. Ukija ukurasa wa mwisho, unaonekana umebandikwa.

Ukienda kutazama, iwe Nakuru Players Theatre au ukumbi wa Mama Grace Onyango kule Kisumu, keti safu tano za mbele. Katika mchezo wa aina hii mkono unaositasita kwenye kufuli una uzito kuliko hotuba, na kutoka nyuma huuoni. Fika kabla ya wakati: ukichelewa dakika tatu, umekosa karibu theluthi ya dakika 10. Zingatia pia mvua. Kisumu na Kakamega hunyesha sana alasiri, na katika ukumbi wa mabati, mvua ikipiga, hata walioketi safu ya tatu hawasikii. Waigizaji wazoefu hawashindani nayo kwa kupiga kelele. Hubaki ndani ya uhusika, huongeza tendo la mikono, husubiri ipungue, kisha huendelea na sentensi ileile. Kikundi kinachopanga onyesho la skripti zenye kimya kingi kifanye hivyo kabla ya saa nane mchana, ama kitafute ukumbi wenye dari.

Mwisho wa mchezo ndio unaozua mabishano mengi milangoni: mbona umeishia hewani? Chukua tena kisa cha Kaptembwo. Tuseme Barasa anatoa ufunguo, anauweka juu ya ndoo, anatoka kupitia langoni. Mama Wairimu anautazama. Taa zinazimika. Hatujui kama alifungua, wala kama kodi ililipwa. Lakini tunajua Barasa hatakuwa na kazi kesho, na tunajua wema ule wa zamani umerudishwa kwa bei ambayo mama huyu hakuiomba. Kilichokuwa kati yao kimebadilika moja kwa moja, na ndicho mchezo ulichoahidi kuonyesha. Mtunzi akiongeza dakika mbili za mwenye ploti kurudi na kusamehe deni, ametuondolea swali tuliloanza kulibeba.

Kwa hiyo, mkikaa kuujadili, msianze na “mtunzi alitaka kusema nini?” Swali hilo huvuta mahubiri. Anzeni na hili: nani alikuwa na ufunguo taa zilipowaka, na nani anao sasa? Kisha mwingine auchukue mstari mmoja tu, auondoe, na msome kurasa mbili zinazoufuata bila huo mstari. Zikiporomoka, mmepata nguzo. Zisipoporomoka, tafuteni mstari mwingine. Watu wanne, skripti moja na saa moja na nusu vinatosha kuumaliza mchezo wa kurasa 10 kwa njia hiyo, na kubadilishana sehemu ili aliyemsoma Barasa amsome Mama Wairimu.